Tabibu si Nusu ya Daktari



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya kazi ya utabibu: jinsi kijana wa Kasulu au wa Kibondo anavyoweza kuianza, na kama inafaa kuianza. Hatukuja kuipamba. Wengi wenu mmekwisha kuiona kwa macho. Yule bwana au bibi mwenye koti jeupe anayekaa katika zahanati ya kijiji ninyi humwita daktari, naye huitika, ingawa cheti chake chasema tabibu. Kwa neno hilo tutaanza, maana limewapotosha watu wengi.

Wako watu, na wengine wao wana elimu kubwa, wanaodhani kuwa tabibu ni daktari aliyeshindwa njiani. Hudhani kwamba nchi ilikosa fedha za kusomesha madaktari, ikaziba pengo kwa watu wa nusu elimu, na kwamba siku fedha zikipatikana watu hao wataondolewa. Kijana akisikia hayo huona haya kujaza fomu ya chuo cha matabibu. Mzazi naye husema, "Mwanangu, ngoja urudie mtihani, uwe daktari kamili." Anarudia mara ya kwanza, anarudia mara ya pili, na mwisho yuko mjini anauza vocha za simu. Twataka kuliondoa wazo hilo leo, kwa habari za mambo yaliyotokea katika mkoa huu wetu wenyewe.

Wazee wanalikumbuka neno dresa. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianza kufundisha madresa ili wakae katika zahanati za Serikali za Wenyeji. Dresa alijua kuosha kidonda, kufunga bendeji na kugawa kwinini. Siku hizo watu walimiminika kutafuta sindano ya buba, maana waliona kwa macho vidonda vikikauka. Mafunzo ya dresa yalikuwa mafupi na mshahara wake mdogo. Wala hakutazamiwa kujua zaidi. Serikali ile haikuwa na nia ya kumpa Mwafrika wa kijijini mganga wa kweli. Ilitaka maradhi yasienee na kazi zisisimame.

Mtazame jinsi ilivyokuwa hapa Buha. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na Buha ikawa moja ya visima vyao vikubwa vya manamba. Mtu alipokwenda kuandikishwa alipimwa kwanza. Kifua chake kilitazamwa, na mikono yake, na uzito wake. Basi kwa wengi wa baba zetu, mara ya kwanza kuguswa na mtu wa hospitali ilikuwa kwa ajili ya kujua kama mwili ule utaweza kukata mkonge Tanga. Mkewe aliyebaki nyumbani na mimba hakuwa na mtu wa kumpima.

Kabla ya hapo yalikuwapo mambo ya malale. Kuanzia mwaka 1933 watu wa sehemu nyingi za Buha walihamishwa kutoka makwao na kukusanywa mahali pamoja, ili watengwe na mbung'o wa porini. Hatusemi kwamba malale haikuwapo. Ilikuwapo, tena iliua, na nyika za Malagarasi na Moyowosi zilikuwa na mbung'o kwa miaka mingi baadaye. Lakini shauri lilikatwa ofisini, na wananchi wakaambiwa tu wabebe mizigo yao.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Watanganyika waliokuwa madaktari walikuwa 12. Wananchi walikuwa wapata milioni 9. Gawanyeni wenyewe: kila daktari mzalendo mmoja kwa watu 750,000. Chuo cha udaktari Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1963, na daktari hapikwi kama ugali wa muhogo, husomeshwa miaka mingi. Je, nchi ingefanya nini? Ingengoja?

Haikungoja. Ilichagua kufundisha kwa wingi matabibu, waganga wasaidizi wa vijijini, wauguzi na wakunga, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nguvu zaidi zikaelekezwa vijijini. Huu ulikuwa uamuzi wa akili, wala haukuwa wa Tanzania peke yake. Urusi ina matabibu wa namna hiyo tangu enzi za wafalme wao, nao huitwa feldsher. Kenya, Uganda, Malawi na Msumbiji wanao wa kwao. Nchi zilizotaka mganga afike kwa mkulima zilimfundisha mtu ambaye angekubali kukaa na mkulima.

Hapa kwetu mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, watu wakatolewa kwenye vilima walikotawanyika na kuwekwa vijijini. Wako wazee humu ndani waliohama siku hizo, na wengine hawakuhama kwa hiari, hatutajifanya hatujui. Waliahidiwa shule, maji na zahanati. Vijiji vingine vilipata mapema, vingine vilingoja mpaka watoto wa siku zile wakawa na wajukuu. Ndiyo maana mwaka 2007 ulipotangazwa mpango wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, watu wa Kibondo hawakuuona kuwa jambo jipya. Waliuona kuwa deni.

Sasa tuseme habari ya Dakta Godfrey Mbaruku, ambayo yampasa kila kijana wa Kigoma kuijua. Yeye alikuwa daktari bingwa wa uzazi katika hospitali ya mkoa wetu, na alifariki mwaka 2018. Alipotazama vitabu vya hospitali katika miaka ya 1980 aliona akina mama wanakufa kwa kujifungua kwa idadi ya kutisha: mwaka 1984 ilikuwa 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hakuketi kungoja fedha kutoka ng'ambo. Pamoja na wafanyakazi wenzake alitafuta chanzo cha kila kifo, wakapanga hatua 22, nyingi zikiwa za kutumia vitu na watu waliokuwapo papo hapo. Ilipofika mwaka 1991 idadi ile ilikuwa imeshuka hadi 186. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1995, na wataalamu wa nchi nyingine waliisoma ili wajifunze kutoka Kigoma.

Mwaka 2009 ukachapishwa uchunguzi mwingine, naye Mbaruku alikuwa mmoja wa waandishi wake. Walitazama hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, wauliza: ni nani anayewapasua akina mama wanaoshindwa kujifungua? Wakaona kwamba sehemu kubwa ya upasuaji ule ilifanywa na madaktari wasaidizi, yaani watu walioanza kama matabibu, wakafanya kazi, kisha wakarudi darasani. Wakapima matokeo yao na ya madaktari wenye shahada. Hawakuona tofauti ya maana.

Basi yule anayesema tabibu ni nusu ya daktari, na aende wodi ya wazazi akawahesabu waliotoka hai.

Kazi yenyewe ni ya namna gani? Twasema juu ya zahanati, maana huko ndiko wengi wenu mtakakoanzia. Huenda mtakuwa watumishi wawili au watatu tu: wewe tabibu, muuguzi mkunga, na mhudumu. Huenda wewe ndiye utakuwa mganga mfawidhi kabla hujatimiza miaka ishirini na mitano. Asubuhi, hasa Juni na Julai ambapo vilima vya Kasulu vina baridi ya kung'ata, utawakuta akina mama wamekwisha kuketi barazani na watoto mgongoni.

Mtoto ana homa. Zamani kila homa ilikuwa malaria na kila malaria ilikuwa klorokwini. Siku hizo zimepita. Klorokwini iliachwa mwaka 2001, na dawa mseto imetumika tangu mwishoni mwa 2006. Sasa kwanza utamtoboa kidole na kutazama kipimo cha haraka. Kikionyesha malaria utampa dawa mseto, dozi sita kwa siku tatu, na utamweleza mama ampe pamoja na chakula chenye mafuta, hata maziwa au maharage yaliyoungwa kwa mawese. Wengi hukosea hapo: mtoto akipata nafuu siku ya pili, vidonge vilivyobaki huwekwa darini kwa ajili ya mdogo wake.

Na kama kipimo hakionyeshi malaria? Hapa ndipo tabibu hujulikana. Mvivu humpa dawa ya malaria vivyo hivyo ili foleni isonge. Tabibu wa kweli humvua mtoto shati na kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima, saa mkononi. Mtoto wa miezi miwili hadi chini ya mwaka mmoja akivuta pumzi mara 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hadi mitano akivuta 40 au zaidi, utafikiri nimonia. Ukiona dalili za hatari, utampa dozi ya kwanza na kumpeleka hospitali bila kuchelewa. Kazi hiyo haidai mashine ya mamilioni. Yadai saa yenye mshale wa sekunde na mtu asiye na haraka.

Utasikia pia lugha. Mgonjwa anayesema "tumbo" aweza kuwa na maana kumi: kuhara, njaa, minyoo, mimba, huzuni. Mzee wa kike hatakuambia mambo yake kwa Kiswahili cha redio. Tabibu anayejua Kiha atapata kwa dakika tano habari ambayo mgeni hataipata kwa saa nzima. Na mgonjwa aliyevuka mpaka kutoka Burundi akisema Kirundi, Muha humwelewa. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kutaka vijana wa hapa wasome kazi hii. Wageni waliotumwa huku wengi wamefanya kazi njema, twawashukuru. Lakini wengine huripoti Jumatatu na Ijumaa wameanza kuandika barua ya kuomba uhamisho.

Kisha usiku. Ni usiku ambao huamua kama kijiji kitakuamini. Mama amefika saa nane za usiku, amebebwa kwa pikipiki au kwa machela, uchungu tangu jana. Wewe na mkunga mtatazama karatasi ya kufuatia uchungu. Mstari ukivuka alama, msikae kubishana. Pigeni simu ya gari la wagonjwa, maana njia ya kwenda Kibondo mjini au Kasulu wakati wa masika haiheshimu saa ya mtu. Akijifungua na damu ikatoka nyingi, utahitaji oksitosini, na dawa hiyo hukaa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Ukiwa uliliacha jokofu limezimika tangu wiki iliyopita, dawa iliyomo kichupani haina kitu cha kutegemewa. Mama mwingine atashikwa na kifafa cha mimba. Dozi ya kwanza ya magneziamu salfeti itatoka mkononi mwako kabla hajapanda gari. Watu huuliza ushujaa ni nini. Sisi twafikiri ni pamoja na kuangalia kipimajoto cha jokofu asubuhi na jioni kila siku, na kuandika namba kitabuni, hata kama hakuna mkaguzi anayekuja.

Na vitabu hivyo, ndugu zetu! Vitabu vya MTUHA ni vingi, na tabibu mpya huviona kuwa adui. Lakini kumbukeni kwamba Mbaruku alianzia vitabuni. Aliyeandika vifo kwa uaminifu miaka ile ndiye aliyewezesha vingine visitokee.

Tuseme kidogo juu ya kambi za wakimbizi, maana kijana wa huku hawezi kuzikwepa. Ndugu kutoka Burundi walikuja kwa wingi mwaka 1993 baada ya Rais Ndadaye kuuawa. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo. Mwaka 2015 Warundi walikuja tena, kipindupindu kikazuka miongoni mwao Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa upya. Matabibu wa mkoa huu walifanya kazi usiku na mchana katika mambo hayo, na wengi walijifunza huko mambo ambayo chuo hakiwezi kufundisha. Mashirika hulipa vizuri kuliko Halmashauri, basi wako waliotoka zahanati wakaenda kambini. Hatuwalaumu, mtu ana watoto. Ila ajuaye mambo ya mashirika ajua pia kwamba fedha za wafadhili zikikauka mkataba hukauka nao, na kijiji alichokiacha huenda kimekaa mwaka mzima na mhudumu peke yake.

Sasa njia ya kuingia. Wahitaji kuwa umefaulu kidato cha nne, ukiwa na alama isiyopungua D katika Biolojia, Kemia na Fizikia, na somo lingine lisilo la dini. Wasichana, sikilizeni hapo kwenye Fizikia. Shule nyingi mmeambiwa kwamba somo hilo ni la wavulana, mkaliacha, na mlango huu ukafungwa mkiwa kidato cha pili bila ninyi kujua. Akina mama wanaokuja zahanati wangependa kumkuta mwanamke mezani. Wazazi mlio hapa, msimtoe binti maabara kwa sababu ya kuchota maji.

Masomo ni miaka mitatu kwa stashahada. Chuo cha matabibu kipo Kigoma mjini, na viko vingine mbali: Musoma, Maswa, Sumbawanga, Mafinga, Kibaha na kwingineko. Viko pia vya mashirika ya dini na vya watu binafsi. Kabla mzazi hajauza ng'ombe, ahakikishe kwamba chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET. Wako wajanja wanaobandika matangazo mazuri ukutani, na mtoto akimaliza hana cheti kinachotambuliwa. Ukihitimu utaandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kupewa leseni. Bila hiyo usimguse mgonjwa, hata akiwa shangazi yako.

Baada ya hapo lipo jambo chungu, nasi hatutalificha. Wako vijana wenye stashahada ya utabibu ambao wamengoja ajira ya Serikali miaka miwili, mitatu, na zaidi. Kijana yuko nyumbani Makere analima maharage, na leseni yake imo katika bahasha, huku zahanati ya kijiji cha pili ina mtumishi mmoja anayetibu, anayezalisha, anayechanja na anayefagia. Jambo hili halipendezi, na twalisema hadharani mbele ya viongozi waliomo humu. Nchi imemsomesha mtu, wananchi wanamhitaji, naye anataka kazi. Kinachokosekana ni kibali na fungu la mshahara. Twawataka madiwani na wabunge wetu walitaje jambo hili kwa hesabu kila wanapokaa: zahanati ngapi, matabibu wangapi, wangapi wanangoja. Wakiulizwa wasijibu kwa ahadi, wajibu kwa namba. Tumekwisha kusikia habari za majengo yaliyokamilika, yamepakwa rangi, na milango yake imefungwa kwa kufuli kwa kukosa watu.

Nanyi mnaongoja, msikae tu. Wengine huomba kujitolea hospitali ya wilaya au hospitali ya misheni kama Kabanga ili mikono isisahau. Hilo ni jema. Lakini twasema pia kwa wenye vituo: anayejitolea naye hula. Kumtumia kijana mwaka mzima bila hata nauli, ati anapata uzoefu, kwatukumbusha mambo ya zamani ambayo hatupendi kuyakumbuka.

Mtauliza kama mtu akiwa tabibu amefungiwa hapo maisha yake yote. Hapana. Mwenye stashahada ya utabibu na alama za kutosha huruhusiwa kuomba shahada ya udaktari, na wako madaktari wengi leo walioanza hivyo. Sisi twaona hao huwa madaktari wazuri sana, maana walipokuwa zahanati walijifunza kusikiliza kabla ya kuagiza vipimo. Lakini msiingie utabibu kwa nia ya kukimbia utabibu.

Jambo moja la mwisho, nalo ni fedha ndogo ndogo. Mtakuta desturi katika vituo vingine: mama mjamzito anaambiwa alete chochote kwa ajili ya glovu, ingawa huduma yake haina malipo. Mshahara utakuwa mdogo, nyumba ya mtumishi itavuja, na shilingi elfu mbili za mama yule zitaonekana si kitu. Kwake yeye ni debe zima la mihogo. Akikosa elfu mbili hatarudi. Mtoto wa pili atamzalia nyumbani, na siku damu ikimtoka wewe hutaitwa. Utaandika nini kitabuni?

Tumeleta orodha ya vyuo vilivyosajiliwa, na nakala za masharti ya kujiunga. Anayetaka na apite hapa mezani, aje na matokeo yake ya kidato cha nne tuyatazame pamoja, somo kwa somo. Wasichana watangulie. Na wale wenye leseni wanaongoja ajira, tafadhali mwandike majina yenu na vijiji vyenu katika daftari lile la kijani, maana Mheshimiwa Diwani yuko hapa na ataondoka nalo.